Kwa nini imatinibu huacha kufanya kazi

Kwa aliyeuliza kwa nini dawa ya imatinibu humsaidia mgonjwa wa CML, ile saratani sugu ya damu, kisha ikagoma: tazama kimeng'enya inachokizuia, BCR-ABL. Vipande vya kromosomu 9 na 22 vinapobadilishana, jeni ya ABL huungana na jeni ya BCR, na kimeng'enya hicho huzaliwa. Protini ya ABL ya kawaida ina breki kwenye ncha yake ya mbele. Muungano huikata, na sehemu ya BCR huzikusanya protini nne nne, zikawashana kwa fosfeti. Amri ya kugawanyika haizimiki tena.

Imatinibu, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, hukaa pale ATP, molekuli inayokipa kimeng'enya fosfeti, inapopaswa kukaa. Badiliko moja tu la jeni, T315I, huweka asidi amino ya isolusini mahali pa threonini, na dawa haishiki tena. Hapo kuongeza dozi hakusaidii kabisa. Daktari hufikiria dawa nyingine, ponatinibu au askiminibu.

Ila kabla ya kulaumu jeni, ulizeni kama vidonge vinamezwa kila siku. Kuruka dozi ni sababu ya kawaida mno! Kiwango cha BCR-ABL kwenye damu kikizidi asilimia 10 baada ya miezi 3, kipimo kirudiwe, na mabadiliko ya jeni yatafutwe.