Mshono au Mkato

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama upasuaji wa kope mbili, ule wa kutia mkunjo kwenye kope ya juu, uufanye kwa mshono au kwa mkato, na ukasisitiza kuwa wataka jibu fupi. Nyuzi zinazofukiwa ndani ya kope hupona upesi, lakini zaweza kulegea na mkunjo ukapotea. Mkato hudumu zaidi, ila uvimbe wake huchelewa kushuka. Hayo daktari yeyote wa Gangnam, mtaa wa Seoul wenye kliniki nyingi za urembo, atakueleza, na mshono wenyewe si wa jana, kwani daktari Mjapani Mikamo aliuandika tangu 1896.

Mimi nitakueleza habari za mwanya wangu, ambao unaujua kwa ile picha ya barazani Tanga tu. Wiki chache kabla ya harusi yetu huko Seoul, shangazi wa baba yako alinipeleka kwa daktari wa meno, kwa wema kabisa, akisema picha za harusi hazifi. Ukazibwa kwa alasiri moja. Niliporudi Tanga, bibi yako alinishika kidevu, akanigeuzia dirishani kama anayekagua samaki, akauliza, "Mwanya wa mama yangu umeuweka wapi?" Hakunigombeza. Alirudi kwenye ungo wake, akaendelea kupepeta mchele, nami nikabaki nimesimama na mdomo wangu nimeufumba.

Ndiyo maana nasema, nawe umechoka kunisikia, kwamba uso ni amana. Kope zako ni za bibi yako wa Busan, aliyekuwa akicheka kwa macho kabla ya mdomo. Lakini mimi ni nani niseme hivyo, niliyeziba mwanya wangu na hadi leo sijazibua? Tena wewe ndiye unayebandika picha kwenye maombi ya kazi huko Korea, si mimi, na wenzako kadhaa walizawadiwa kope hizo na wazazi wao baada ya mtihani wa Novemba wa kuingia chuo kikuu, sisi tukakupa saa. Hata hivyo, uso ni amana.

Neno "usifanye" nimeliandika mara mbili, nikalifuta mara mbili. Ukishaamua, nijulishe tarehe mapema nije nikukande kwa barafu na kukupikia. Ila baba yako umwambie wewe mwenyewe, kwa simu ya video, akuone, mimi sitamwambia.

Mama yako