Kuukata mduara wa utegemezi kati ya freetype na harfbuzz kwenye Gentoo

Nilikutana na tatizo hili usiku nilipokuwa nikisakinisha Gentoo, mfumo wa Linux ambao programu zake hujengwa kutoka msimbo chanzo, kwenye kompyuta yangu ndogo ya mkononi, na emerge, amri yake ya kusakinisha vifurushi, ikagoma hata baada ya kurudia amri ileile mara tatu. Freetype ilitaka harfbuzz itangulie, na harfbuzz nayo ilitaka freetype itangulie. Hakuna aliyekosea hapo. Freetype husoma faili za fonti na kuchora herufi, ilhali harfbuzz huchagua maumbo ya herufi na kuyapanga, kwa mfano pale herufi za Kiarabu zinapoungana, na kila moja ina kazi fulani inayohitaji msaada wa mwenzake.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta ni upande upi unaomhitaji mwenzake kwa hiari tu. Portage, mfumo wa vifurushi wa Gentoo unaoendeshwa na emerge, hukusaidia: chini kabisa ya ujumbe wa kosa hupendekeza swichi ya USE (inayowasha au kuzima sehemu ya hiari ya kifurushi) ya kubadilisha, na kwangu ilikuwa -harfbuzz kwenye freetype, yaani kuizima sehemu inayohitaji harfbuzz. Mimi nilikuwa nimesoma orodha ya juu tu, nikatishika na kuacha, kwa hiyo nakusihi uusome ujumbe wote.

Amri iliyonitoa ni hii:

USE="-harfbuzz" emerge --oneshot freetype

Taja kifurushi hicho kimoja tu, kwa kuwa swichi iliyowekwa namna hii hukigusa kila kitakachojengwa na amri hiyo. Nayo --oneshot huzuia freetype isiandikwe kwenye faili ya world, yaani orodha ya vifurushi ulivyoviomba, kana kwamba uliichagua mwenyewe. Freetype hiyo pungufu ikishasimama, jenga harfbuzz kwa kawaida, kisha jenga freetype mara ya pili bila kuzima swichi yoyote.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiruka. Niliandika -harfbuzz ndani ya /etc/portage/package.use, mahali pa kuhifadhi swichi za kudumu, mfumo ukakamilika, nikalala. Miezi kadhaa baadaye nilipoendesha emerge -pv freetype, inayoonyesha kitakachojengwa na swichi zake bila kukijenga, swichi ilikuwa bado imezimwa, maana hakuna programu itakayokukumbusha mstari ulioandika kwa mkono wako. Ndiyo maana nasisitiza kuizima swichi ndani ya amri yenyewe, ambako haibaki.

Watumiaji wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, hawayaoni haya mara kwa mara kwa sababu hupokea vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Hata hivyo, huko nako maktaba za msingi libc6 na libgcc-s1 hutegemeana, na dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, hulazimika kuukata mduara mahali fulani wakati wa kusanidi, ikianzia penye kifurushi kisicho na skripti ya postinst (inayoendeshwa baada ya kusakinisha) kama kipo. Wanaojenga vifurushi vyenyewe ndio wenye kazi kubwa zaidi, na kwao ushauri wangu ni mmoja: utegemezi unaohitajika kwa majaribio pekee uwekewe alama ya <!nocheck> katika Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika ili kukijenga kifurushi, ili anayeanza kuujenga mfumo kutoka sifuri aweze kuuruka.