Kuni zitazame ndani: nilivyojifunza kupanga lundo la duara

Juzi Jumamosi nilibomoa lundo langu la tatu la kuni hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nililipanga mwishoni mwa Juni. Limekaa kiangazi chote, mvua za vuli zimelipiga Oktoba, Novemba na Desemba, upepo wa ziwani ukilivumia kila alasiri, na halikuegemea hata kidogo. Nilichomoa kuni mbili za katikati kabisa nikazigonganisha, zikalia ko! ko! kama vigae. Mama mmoja anayebanika sangara alichukua kirikuu kizima, kile kigari kidogo cha mizigo, papo hapo, hakuuliza bei mara mbili.

Jioni hiyohiyo nikapokea ujumbe kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe: "Shikamoo dada. Nimepanga kama kwenye picha yako, lundo limefumuka siku ya tisa. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umekosea palepale nilipokosea mimi, kwa hiyo acha nikueleze tangu mwanzo.

Nilianza biashara hii kwa kuuza mikaratusi mibichi. Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huwa ni maji, na mimi nilikuwa napasua asubuhi, jioni nauza. Mteja wangu mkubwa alinisimamisha ufukweni mbele ya wenzake, akaokota kuni moja iliyokuwa motoni na kunionyesha ncha yake ikitoa povu. "Samaki wangu wamekuwa weusi, wachungu. Nimebanika masizi." Alikuwa na haki. Lakini alivyolisema, mbele ya watu wote wale, bado linaniuma mpaka leo, na hakurudi kununua kwangu tena.

Nikaamua nitauza kuni kavu tu. Nilipanga ukuta mrefu kati ya nguzo mbili za mti. Mchwa wakazila nguzo kwa chini, ukuta ukalala. Ndipo nikaona kwenye simu video ya wakulima wa Ujerumani wakipanga kuni kwa duara, bila nguzo yoyote ya kuushikilia ukuta. Nikavutiwa kwa sababu lile umbo nalijua: ni msonge kabisa, nyumba ya bibi zetu Usukumani. Jirani alipoona naanza akaniuliza namjengea nani nyumba. Sikumjibu.

Lundo la kwanza lilifika kifuani. Baada ya wiki mbili, alfajiri, likafumuka lote upande mmoja. Binti yangu alikuwa anafagia mahali pale jioni ya jana yake. Nilikaa mwezi mzima sitaki hata kuliona shoka.

Aliyeniokoa ni mjomba wangu, alikuja kutoka Magu kwa mambo yake mengine. Alichuchumaa mbele ya ubavu uliobaki umesimama, akatazama kimya, kisha akasema: "Kuni zako zinatazama nje."

Siri yote iko hapo. Katikati ya duara nafasi ni finyu, kwa hiyo ncha za ndani zinabanana na kupanda. Nje nafasi ni kubwa, ncha zinakaa kwa raha na kushuka. Kila safu unayoongeza, mteremko unazidi kuelekea nje, na kuni zikinywea kwa kukauka zinateleza. Ukiziinua ncha za nje, kuni zinateleza kuelekea katikati, na lundo linajibana lenyewe.

Basi fanya hivi. Kata kuni za urefu wa dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya vidole, zipasue. Chomeka kijiti, funga kamba ya mita 1, zungusha upate duara la mita 2. Tandaza mawe, Mwanza hatuna shida ya mawe, na kuni isiyogusa udongo inawasumbua mchwa. Juu ya mawe laza mzingo wa kuni zinazofuata mstari wa duara. Safu inayofuata ielekee kwenye kijiti, ncha za nje zikilalia mzingo ule, za ndani zikiwa chini. Mimi nilitumia limau: liweke juu ya kuni iliyolazwa upande wake uliopasuliwa ukiwa juu, liachie. Likiviringika kwenda ndani, endelea. Likisita, laza mzingo mwingine pembezoni. Usingoje litoke nje.

Katikati simamisha vipande vifupi na vilivyopinda, hewa ipande kati yake. Juu kabisa, ezeka kwa kuni zenye magome, magome yakitazama mbinguni. Ukiwa na turubai, funika kichwa tu. Niliwahi kufunika lundo zima mpaka chini, nikakuta ukungu mweupe.

Narudia tena, ncha za nje juu. Wengi mnaonisoma mnataka wateja wa kudumu kama wangu, wale wa kukupigia simu kabla hujawapigia. Hawapatikani kwa kuni za jana. Kijana anayeuza mbichi leo ili ale leo anamuumiza mama aliyekopa mtaji wa samaki, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimekuwa huyo kijana. Vumilia miezi sita. Acha wacheke. Jirani yangu sasa hivi ana lundo lake la duara nyuma ya banda la mbuzi, na alikuja kuazima kamba yangu.

Mdogo wangu wa Nansio, usijaribu kuokoa upande uliobaki. Bomoa mpaka kwenye mawe, anza upya kabla masika hayajaingia Machi. Ukifika kiunoni simama, chuchumaa, nipigie picha ya ubavuni kwa karibu, kila kuni ionekane imelalia nini.