Mnataka kumpa staa timu? Nisikilizeni mimi niliyeshampa

Juzi usiku msomaji mmoja kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Kocha wao kaondoka katikati ya msimu na wanachama wamegawanyika. Wazee wanamtaka msaidizi aliyebaki. Vijana wanataka jina: mtu aliyevaa jezi ya Taifa Stars, anayechambua mpira redioni, akipita stendi watu wanagombania kupiga naye picha. "Shikamoo kaka, wewe haya yalishakukuta. Tufanyeje?"

Yalinikuta, ndiyo. Na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nilikuwa katibu wa timu yetu, Ligi ya Mkoa. Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye kwa uchezaji hakufika popote. Alikuja mazoezini na baiskeli, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa rambo lisilowe. Tulikuwa nafasi ya tatu. Ya tatu! Lakini mimi nikaona timu haina mvuto, wadhamini hawawezi kuja kwa ajili ya mtu wa baiskeli. Wiki mbili nzima nikazunguka kwa wajumbe wa kamati, mmoja mmoja, supu ya asubuhi juu yangu. Siku hizo nilikuwa najua kuongea jamani, huo ukweli hata wanaonichukia wanaukubali. Kikao kinakaa, kura ziko mfukoni. Mwalimu alisikiliza, akanikabidhi koni na filimbi, akapanda baiskeli yake.

Staa akaja. Simtaji jina, maana si mtu mbaya. Vijana wawili waliokuwa wakicheza na viatu vilivyochanika aliwanunulia vipya kwa pesa yake. Mazoezi ya kwanza uwanja ulijaa kuliko siku ya mechi, wauza karanga wakamaliza mzigo kabla ya saa kumi na moja.

Siku hiyo alitaka kumfundisha kiungo wetu, kijana wa bodaboda, kupokea mpira akiwa amempa beki mgongo, kisha ageuke nao. Akauomba mpira, ukaja kwa kasi, akautuliza kama anaweka yai mezani, akageuka, beki kabaki anatazama upande wa bwawani. Uwanja mzima ukalipuka. "Umeona? Hivyo tu." Kijana akajaribu, mpira ukamgonga ugoko ukatoka nje. Staa akaonyesha tena. "Hivyo tu, mbona rahisi?" Akaonyesha tena na tena, kila mara vizuri zaidi, na kila mara kijana anazidi kujikunja. Mwishowe akaomba kwenda kunywa maji na hakurudi kwenye lile zoezi.

Mwalimu yeye asingeweza kuutuliza ule mpira hata kwa dawa. Lakini zoezi hilohilo aliwahi kumfundisha beki wetu wa kulia kwa mawe mawili. Alimsimamisha katikati na kumwambia kabla mpira haujatoka mguuni kwa mwenzako, geuza shingo, niambie ni jiwe gani nimelinyanyua. Siku tatu jiwe tu, mpira hakuna. Sisi kwenye benchi tulikuwa tunacheka.

Mechi za katikati sitawachosha nazo. Tulicheza saba, tukashinda moja, na kabla msimu haujaisha staa alikuwa ameshapata kazi nyingine Dar.

Tusidhani haya ni ya timu za vumbi tu. Thierry Henry, mshambuliaji yule wa Ufaransa, alipewa Monaco Oktoba 2018, Januari 2019 akaondolewa, na aliyerudishwa ni Leonardo Jardim yuleyule aliyefukuzwa kumpisha. Gary Neville, beki wa zamani wa Manchester United, alikuwa akichambua mpira kwenye televisheni mpaka unatamani umpe timu. Valencia wakampa kweli, Desemba 2015, na Februari wakala 7-0 kwa Barcelona. Lakini inayoniuma ni ya Birmingham City, daraja la pili England. Oktoba 2023 wako nafasi ya sita, wanamfukuza kocha John Eustace ili aje staa Wayne Rooney. Mechi 15, ushindi 2, nafasi ya 20, na msimu ulipoisha wakashuka daraja. Nilipoisoma habari ile nilizima simu, nikakaa barazani. Nilihisi kama nimeandikwa mimi.

Najua mtaniletea Zidane. Sawa. Zidane alikaa kwanza Real Madrid chini ya kocha Ancelotti kama msaidizi, kisha akapelekwa Castilla, timu ya vijana, daraja la tatu. Timu kubwa aliipata Januari 2016, ndipo yakaja yale makombe matatu ya Ulaya mfululizo. Guardiola naye alianza na Barcelona B daraja la nne. Jina liliwafungulia mlango, ila walipitia jikoni.

Na Emmanuel Amunike, aliyekuwa kocha wa Taifa Stars, je? Mwanasoka Bora wa Afrika 1994, winga aliyefika Barcelona. Watu humsema kwa mechi tatu tulizofungwa kule Misri kwenye AFCON 2019. Mimi namtetea. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshatwaa Kombe la Dunia na vijana wa Nigeria chini ya miaka 17, mwaka 2015. Kufundisha alikuwa ameshafundisha. Ndiyo maana tulimpiga Uganda 3-0 pale Taifa tukaenda AFCON, mara ya kwanza tangu 1980. Huyo hakuja na picha za zamani tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, msimuulize huyo bwana alicheza wapi. Muulizeni amefundisha wapi, na nani. Kisha mwombeni aendeshe zoezi moja, nanyi msimtazame yeye, mtazameni mchezaji wenu dhaifu kuliko wote. Akitoka anajua kitu ambacho hakukijua, mpeni timu hata leo. Na acheni kupenda majina, vijana! Tunapenda majina mpaka tunauza nyumba kununua kitasa. Na nyinyi makatibu mnaonunua supu, mnajijua. Huyo msaidizi mnayemdharau, mmewahi hata kulifungua daftari lake?

Mimi sikulifungua. Msimu uliofuata Mwalimu alichukua timu ya kata ya jirani, akatufunga 2-0, goli la pili likafungwa na kijana aliyepokea mpira akiwa amempa beki wetu mgongo. Nilimuona shingo yake ikigeuka kabla.

Kila Idi humtumia Mwalimu salamu ndefu. Hujibu: "Amina." Simu zangu hapokei.