Nimejibu 30, jibu ni 60, kwa nini?

SWALI: Habari za kazi dada, najiandaa na GMAT, ule mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, naomba msaada. Swali linasema n ni namba nzima chanya na n mara n inagawanyika kwa 360 bila baki, tafuta namba kubwa kabisa ambayo lazima igawe n. Mi nimejibu 30 wao wanasema 60. Kivipi jamani?

JIBU: Pole mdogo wangu, hapo wananaswa wengi. Vunja 360 kwa namba tasa kwanza, unapata 2×2×2×3×3×5. Sasa ukizidisha n yenyewe kwa yenyewe kila namba tasa iliyomo inajirudia, kwa hiyo kwenye n×n kila moja inatokea mara shufwa, haiwezi kutokea mara 3 wala mara 1. Zile 2 ziko tatu, lazima ziwe nne; ile 5 iko moja, lazima ziwe mbili; zile 3 ziko mbili, ziko sawa tayari. Chukua nusu ya kila moja, n inabaki na 2×2×3×5, ndo 60 hiyo. We ulichukua kila namba tasa mara moja tu ukaishia 30, ila jaribu, 30×30 ni 900, gawa kwa 360 unapata 2 na nusu, imekataa. 60×60 ni 3600, inaingia mara 10 kamili.

Na usikimbilie kipeuo cha 360, sehemu ile ya hesabu kalkuleta hairuhusiwi na hata ungekuwa nayo isingekusaidia hapa. Jizoeze sasa na 72, ukipata 12 umeelewa.