Jibu: Kama Mungu ameshaamua, uchaguzi wangu una kazi gani?
Bwana asifiwe, ndugu. Umeuliza uamuzi wa mwanadamu unabaki na kazi gani iwapo Mungu ameshapanga yote. Swali hilo lilinisumbua miaka mingi, hasa kwa sababu nilianzia Warumi 9, inayosema Mungu humrehemu amtakaye, na kuishia kubishana na kila mtu. Anza kwanza na Matendo 27.

Paulo ni mfungwa anayepelekwa Rumi, na merikebu imekumbwa na dhoruba kali. Katika mstari wa 24 malaika anamhakikishia kwamba wote waliomo merikebuni, nao walikuwa watu 276, watasalimika. Lakini mabaharia wanapoishusha mashua kwa hila ili watoroke, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo (mbele ya chombo), Paulo huyo huyo anawaambia akida (mkuu wa askari) na askari wake kwamba mabaharia hao wasipobaki chomboni, wao askari hawataokoka, na papo hapo askari wanazikata kamba na kuiacha mashua ianguke. Paulo hakuona mgongano wowote, kwani ahadi ilitimia kupitia mikono ya askari waliosikia na kuamua.

Namna Mungu anavyoyaunganisha hayo mawili siwezi kukueleza, na anayedai kulimaliza jambo hili kwa sentensi moja (wapo wengi) namtilia shaka. Ukitoka hapo rudi Warumi 9, ila usome mfululizo hadi 10:13, panaposema kila atakayeliitia jina la Bwana ataokoka, kabla hujafunga Biblia.