Kabla hujauza kiwanja kwa ajili ya viza ya Uingereza

Mdogo wangu, sauti yako nimeisikiliza yote, na ile "ofa" uliyonitumia picha yake nimeisoma. Umeuliza mawili: kama shilingi milioni 25 za Tanzania anazotaka dalali ili wifi apate sponsa, yaani mwajiri wa kumdhamini viza, aje kuhudumia wazee ni bei halali, na kama ni kweli, anavyosema Mama, kwamba huku Uingereza watu wetu wanafanywa watumwa.

La kwanza halina mjadala. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya huku imefunga dirisha la kuleta wahudumu wa wazee kutoka nje. Waliobakiwa na nafasi ni wale ambao tayari wako humu ndani. Huyo mwenye "nafasi tatu za mwisho" anakuuzia hewa. Na hata dirisha lilipokuwa wazi, mwishoni mwa 2023 cheti cha udhamini, kile ambacho bila hicho viza ya kazi haiombwi, mwajiri alikilipia serikalini pauni 239, haifiki milioni moja ya kwetu. Watu wamekinunua kwa pauni elfu saba, wengine elfu kumi na zaidi. Hiyo tofauti ndiyo biashara yenyewe.

La pili ni refu.

Kila tarehe 18 Oktoba huku ni siku ya kupinga utumwa. Mabango hubandikwa stesheni, hospitalini, hadi nyuma ya milango ya vyoo vya wanawake, kuwafundisha watu dalili: kijana anayeosha magari, hana pasipoti, nguo chafu, macho ya woga. Sina ugomvi na mabango. Lakini kuna dada mmoja wa kwetu ninayemfahamu, akisimama mbele ya bango hilo hakuna mpita njia atakayemgeukia. Sare imepigwa pasi, kitambulisho kiko shingoni, akaunti ya benki anayo, viza yake ni halali.

Saa kumi na mbili asubuhi yuko kwa bibi wa kwanza: amwamshe, amwogeshe, ampe dawa, nusu saa. Kisha anaendesha dakika ishirini hadi kwa wa pili. Hizo ishirini hazilipwi; zinazolipwa ni dakika za ndani ya nyumba tu. Mchana kuna pengo la saa tatu, analala kwenye gari kwa sababu kurudi nyumbani ni kuchoma mafuta yake mwenyewe. Anamaliza saa nne usiku. Gari ni la bosi, analikodi kwa wiki. Chumba nacho ni cha bosi, wamo wanne, na kila mmoja anakatwa kodi ya chumba kizima. Slipu ya mshahara inaonyesha saa 39 kwa wiki, maana serikali inataka kuziona. Hela ikishaingia benki, sehemu yake inarudi kwa bosi mkononi. Slipu hiyo nimeishika. Ukiisoma bila maelezo yake utasema binti kaula.

Mbona haondoki? Hati ya nyumba ya baba yake iko kwa mkopeshaji. Wakala aliyemleta anapajua kwao. Na viza imefungwa kwa mwajiri huyo mmoja: akimshtaki, leseni ya bosi ya kudhamini wafanyakazi ikafutwa, yeye na wenzake wote wanaletewa barua, siku 60 wapate mdhamini mwingine au waondoke. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zilifutwa leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii, na wafanyakazi walioguswa wanazidi 39,000. Kwa hiyo wanaomziba mdomo kwanza ni wale wale anaolala nao chumba kimoja, na siwezi kuwalaumu.

Serikali nayo haijatoka safi. Machi 2024 ilichapishwa ripoti ya mkaguzi wa mipaka na uhamiaji: vyeti 275 vya udhamini vilitolewa kwa nyumba ya wazee ambayo haipo kabisa. Kampuni nyingine, iliyosema ina wafanyakazi wanne, ilipewa vyeti 1,234. Hao 1,234 walitarajiwa kufanya kazi wapi?

Na usidhani muuzaji wa vyeti hivi ni Mzungu mwenye sura mbaya. Mara nyingi ni mtu wetu. Misiba anachangia, Idi na Krismasi tunakula naye pilau. Ndiyo maana watu wanamwamini, na wakishaumia wanaona haya kumtaja.

Najua huko mnasema, "Si alipanda ndege mwenyewe?" Sheria haiko hivyo. Iwe Sheria ya Utumwa Mamboleo ya huku ya 2015, ambayo adhabu yake inafika kifungo cha maisha, iwe yetu ya Tanzania ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, kuridhia kwako hakumwokoi aliyekutumikisha. Ila nisikudanganye: aliyetambuliwa kuwa mwathirika hapewi ukaazi papo hapo. Anapata hifadhi na muda wa kupumua. Ukaazi ni uamuzi mwingine, na majibu yake hayana uhakika.

Simaanishi kila nyumba ya wazee ni jela. Mimi nilikuja kwa uuguzi, kazini nalipwa hadi dakika ya mwisho, na mabati ya nyumba ya Mama yametoka huko. Ila kwa mkataba nilioupata mimi, hakuna dalali aliyeniomba hata shilingi.

Kiwanja cha Kibaha usikiuze. Dalali akirudi, mwombe leseni yake ya uwakala wa ajira na jina kamili la kampuni ya huku, unitumie nilitafute kwenye orodha ya serikali ya waajiri wenye kibali. Hata likiwemo usishangilie, kwani ile kampuni ya wafanyakazi wanne nayo ilikuwemo. Na kama umeshampa kianzio, niambie leo hii, jumbe zake usizifute, na risiti ya muamala uitunze.